Utafiti Kabla ya Kamera: Somo kwa Wanaotaka Kutengeneza Video Fupi

Mlezi wa chama chetu alinitaka niandike somo juu ya video fupi kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mstari wa mbele kuzitengeneza. Sikuandika haraka. Nilikuwa na deni la kulipa kwanza, na deni lenyewe utalisoma humu humu. Wahenga walinena kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu lilivunjika, ndiyo maana nakuandikia wewe ambaye lako lingali zima.

KOSA LANGU

Mwaka jana, nikiwa kidato cha pili, nilikuwa na kiu kubwa ya kutengeneza video. Simu si yangu, ni ya dadangu, na shuleni haturuhusiwi kuja nazo. Kwa hivyo siku yangu ya kazi ilikuwa Jumamosi. Karibu na steji tunayoshukia, kando ya Barabara ya Jogoo, kuna mzee fundi wa viatu. Kila nilipopita saa sita mchana nilimkuta amesinzia, kichwa kimelala begani, na kando ya kiti chake pana chupa ya pombe kali. Nikajiambia, hii ndiyo stori!

Nikampiga picha kutoka ng'ambo ya barabara, yeye hana habari. Nikaweka muziki wa huzuni, nikaongeza sauti yangu nikieleza jinsi ulevi ulivyomfukuzia mke na watoto. Video ilikuwa ya dakika mbili na nusu, nikaiita "Chupa". Nikawatumia marafiki watano kwa WhatsApp. Kabla ya jioni ilikuwa imeshafika kwa akina mama wa ploti yetu.

Watu walinisifu, ati nina kipaji. Nikavimba kichwa. Kumbe siku chache baadaye mama mmoja alikwenda kuchukua viatu vya watoto wake kabla havijashonwa, akisema hawezi kumwachia mlevi viatu vya shule. Wa pili akafuata, kisha wa tatu.

Jumamosi iliyofuata mzee akaniita. Hakunifokea. Aliinua ile chupa, akanimiminia kidogo kiganjani, akaniambia nionje. Yalikuwa maji.

"Haya ni ya kulainisha ngozi kabla sijashona," akasema. "Na mchana nalala kwa sababu usiku mimi ni soja, nachunga geti ya watu. Kijana yangu, wewe uliniuliza lini?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikafuta ile video katika simu ya dadangu, lakini ya kwenye simu za watu ningeifutaje? Maji yakimwagika hayazoleki.

Swali la mzee ndilo somo lote hili. Tulitazame sasa kwa utaratibu.

ILHAMU HUTOKA WAPI?

Ilhamu ni lile jambo linalokuchoma moyo mpaka ukataka kulitengenezea kisa. Wengi wetu hudhani ni lazima itoke mbali, Hollywood au Nigeria. La hasha! Nitatoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni wa kale. Mwaka 1895 ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walipiga filamu ya wafanyakazi wakitoka katika kiwanda chao mjini Lyon. Haikufika hata dakika moja. Tarehe 28 Desemba mwaka huo walionyesha filamu kumi fupi kama hizo mjini Paris, mbele ya watu waliolipa kiingilio. Katika hiyo ya kiwanda hakuna ngumi wala bunduki. Lango linafunguka, watu wanatoka, basi. Kamera imesimama mahali pamoja. Nilipojifunza habari hiyo nilicheka peke yangu, kwa maana sinema hiyo tunayo hapa Eastlands kila asubuhi. Simama Barabara ya Likoni saa kumi na mbili na nusu uone watu wanavyomiminika kwa miguu kutoka Makadara, Maringo na Jericho wakielekea Eneo la Viwanda. Hakuna anayewalipa waigize, na hakuna anayekosea!

Mfano wa pili ni vibanda vya video vya mitaa yetu, mahali ambapo wengi tulianza kuonja sinema. Humo tulimsikia DJ Afro akisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili na Sheng, mpaka jambazi wa Marekani akawa kama jirani wa Dandora. Kutoka kwake nilijifunza kwamba sauti inaweza kugeuza picha ikawa kitu kingine kabisa. Lakini hapo ndipo nilipojikwaa. Mwigizaji aliye ng'ambo haharibikiwi na maneno anayowekewa mdomoni hapa Nairobi. Fundi wa viatu wa kwenye steji anaharibikiwa, tena wiki hiyo hiyo.

Mfano wa tatu ni Slum TV ya Mathare, iliyoanza katika miaka ya 2000. Vijana wa pale walipiga picha fupi za maisha ya mtaa wao, kisha wakaziwekea kiwambo mahali pa wazi ili wakazi wenyewe wazitazame. Tafakari jambo hilo. Watazamaji wao wa kwanza walikuwa wale wale waliopigwa picha. Ukijua mtu utakayempiga picha atakuwa ameketi mstari wa mbele, hutathubutu kumsingizia.

UTAFITI NI NINI?

Ilhamu peke yake haitoshi. Ilhamu ni mbegu, utafiti ndio maji na mbolea. Utafiti ni kwenda, kutazama, kuuliza, kusoma, na kurudi kuuliza tena.

Mfano mzuri ni filamu fupi iitwayo "Watu Wote". Ilitengenezwa na wanafunzi wa filamu wa Hamburg Media School, Ujerumani, wakiongozwa na Katja Benrath. Ilikuwa kazi yao ya kumalizia masomo. Inachukua kama dakika 22, ilipigwa hapa Kenya, na waigizaji wake wanasema Kiswahili na Kisomali.

Tukio lenyewe ni la kweli. Mnamo Novemba 2014, watu 28 waliuawa Mandera baada ya magaidi wa al-Shabaab kusimamisha basi na kuwatenga abiria wasio Waislamu. Tarehe 21 Desemba 2015 magaidi wakasimamisha basi jingine lililokuwa likitoka Nairobi kwenda Mandera, karibu na El Wak. Wakataka abiria watengane kwa dini. Safari hii Waislamu waliokuwamo walikataa kuwatoa wenzao Wakristo. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Mabasi ya kwenda Mandera huondokea Eastleigh, humu humu Eastlands. Sisi tunapita kando yake kila siku, lakini ni wanafunzi wa Ujerumani waliovuka bahari kuja kuitengeneza filamu hiyo. Mwaka 2017 ilishinda tuzo ya Oscar ya wanafunzi, na 2018 ikateuliwa kuwania Oscar yenyewe ya filamu fupi.

Sasa sikiliza jambo lililonifumbua macho. Mhusika mkuu wa filamu hiyo ni mwanamke Mkristo aitwaye Jua, aliyepoteza mume na mtoto katika shambulio na sasa anawaogopa Waislamu anaosafiri nao. Jua ni mtu wa kubuni. Wale wanafunzi walichukua tukio la kweli wakabuni mtu wa kulibeba. Mimi nilifanya kinyume. Nilichukua mtu wa kweli nikambandika kisa cha kubuni. Kubuni si dhambi, ndugu msomaji, ndiyo kazi ya msanii. Dhambi ni kumbunia jirani yako uovu kisha ukaonyesha uso wake.

SAFU TATU ZA DAFTARI

Baada ya aibu ile mlezi wa chama alinifundisha kugawa ukurasa wa daftari katika safu tatu: Nilichoona, Nilichodhani, na Nilichoambiwa. Tazama jinsi "Chupa" ingalitafitiwa:

(a) Nilichoona: mzee amelala saa sita mchana. Nilichodhani: amelewa. Nilichoambiwa: analinda geti usiku kucha mpaka saa kumi na mbili asubuhi.

(b) Nilichoona: chupa ya pombe kando ya kiti. Nilichodhani: anakunywa kazini. Nilichoambiwa: ni chupa ya kuokota. Aliipenda kwa sababu shingo yake ni nyembamba, maji hayamwagiki ovyo.

(c) Nilichoona: hakuna mke wala mtoto anayekuja kibandani. Nilichodhani: wamemkimbia. Nilichoambiwa: wako ushago, na kila mwisho wa mwezi huwatumia pesa.

Unaona? Safu ya kwanza ilikuwa kweli tupu. Macho yangu hayakudanganya hata kidogo. Uongo wote ulikaa katika safu ya pili, na safu ya tatu niliiacha tupu kwa sababu ya uvivu na woga wa kuvuka barabara.

NILIVYORUDI KWA MZEE

Nilikwenda kuomba msamaha nikiwa na mlezi wetu. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Kaa hapo, shika hii," akanipa kiatu. Jumamosi tatu nilikuwa nikimshikia viatu bila simu. Nilijifunza jinsi anavyotoboa soli kwa msharasi, anavyopaka uzi nta ili usioze kwa maji ya mvua, na anavyochonga soli ya akala kutoka kwa tairi kuukuu. Bila ya kuuliza mengi, nilisikia mengi. Mtu anayefanya kazi husema mambo ambayo hawezi kuyasema akiwa ametumbuliwa macho na kamera.

Jumamosi ya nne nikamwomba ruhusa. Akafikiri, akasema, "Piga mikono. Uso wangu ulishatembea vya kutosha."

Ndivyo ilivyozaliwa video yangu ya pili, "Uzi", ya dakika nne. Ndani yake mna mikono na sauti yake tu. Mimi sikusema neno. Nilimwonyesha yeye kwanza. Akanitaka nitoe sehemu moja anayotaja mshahara wake wa usosoja, asije tajiri wake akaudhika. Ilikuwa sentensi nzuri kuliko zote. Niliitoa.

Tuliionyesha chamani siku ya Ijumaa, na kesho yake nikawapelekea wale akina mama watatu. Wawili walimrudishia viatu. Wa tatu mpaka leo hupeleka vyake kwingine. Na Aprili mwaka huu kijana mmoja wa Kayole alinionyesha "Chupa" katika simu yake akicheka, bila ya kujua aliyeitengeneza ni mimi. Nilimweleza ukweli wote, naye akaifuta mbele yangu. Hiyo ni simu moja. Zimebaki ngapi?

HATUA ZA KUFUATA

1. Anza na jambo moja dogo lililo karibu nawe. Video ya dakika tatu haiwezi kubeba matatizo yote ya Nairobi.

2. Nenda mahali hapo bila kamera angalau mara mbili, kwa saa tofauti. Ningalipita pale saa mbili usiku ningalimwona mzee akielekea lindoni.

3. Jaza safu tatu. Jambo lililo katika safu ya pili tu lisiingie katika video kama kweli.

4. Soma. Tuna maktaba mbili huku kwetu, ya Kaloleni na ya Eastlands kule Makadara, zote matawi ya Maktaba ya McMillan. Aidha, waulize wazee. Mtaa kama Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, una historia ambayo nyingine haimo vitabuni.

5. Omba ruhusa, tena ueleze video itakwenda wapi. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Fundi wa viatu ni kila mtu.

6. Mwonyeshe mhusika kabla ya kuonyesha mwingine yeyote. Akisema toa, toa.

ZOEZI

Chagua mtu mmoja unayempita kila siku ukienda shule: mama mboga, makanga, au mzee wa mkokoteni wa maji. Usichukue simu. Andika mambo matano uliyoyaona na mambo matano unayoyadhani juu yake. Kisha msalimie kwa heshima, uketi naye, ujaze safu ya tatu. Lete daftari chamani muhula ujao tulisome pamoja.

Na ukipita steji yetu kiatu chako kikiwa kimeachama, simama pale kibandani. Ukimkuta amesinzia, mwamshe polepole. Usiku kucha alikuwa macho.