Choo kisichosukuma uchafu

Katika nyumba moja ya Lubumbashi, choo cha maji kililegea. Maji yalishuka polepole, uchafu ukabaki. Watu walivuta mara mbili, mara tatu, na maji yalipotea bure. Nzi wakaanza kuzunguka. Mama aliogopa, maana nzi wa chooni hutua juu ya chakula na kuleta ugonjwa wa kuhara.

Jirani akasema: «Choo hiki kimekwisha. Vunjeni sakafu, nunueni kingine.» Baba alikuwa na feza, lakini zilikuwa feza za shule za mtoto wake mkubwa. Alihuzunika sana. Kisha akaita fundi mzee.

Fundi hakutoa nyundo. Alimwambia mtoto: «Mwanangu, lete ndoo ya maji.» Mtoto akaleta ndoo ya litri 10. Fundi akaimwaga mara moja ndani ya bakuli la choo. Maji yakaondoka kwa nguvu pamoja na uchafu wote.

«Umeona nini?» akauliza fundi.

«Maji yamepita vizuri, Baba.»

«Basi njia ya chini ni wazi. Kama ingezibwa, maji yangepanda na kukawia. Ubaya uko juu, ndani ya tangi.»

Kisha alieleza. Choo hakina mashini. Chini ya bakuli mna bomba lililopindwa. Maji mengi yakilijaza kwa ghafula, huvuta uchafu wote. Maji yakija kidogo kidogo, hupita tu, na uchafu hubaki.

Fundi akafungua tangi. Ndani aliona mambo mawili. Kwanza, boya lilikaa chini mno. Boya likipanda, hufunga maji. Hili lilifunga mbele tangi halijajaa. Fundi akalipandisha, hata maji yakasimama sentimetri 2 hivi chini ya mdomo wa bomba la maji yanayozidi. Pili, mnyororo wa kizibo cha mpira ulikuwa mrefu. Kizibo kiliinuka kidogo, kikaanguka upesi. Fundi akaufupisha, lakini hakuukaza, maana kizibo kisichofunga sawasawa huvujisha maji mchana na usiku.

Mwisho akatazama matundu madogo chini ya ukingo wa bakuli. Chokaa ya maji ilikuwa imeyaziba. Akayapaka siki nyingi, akasema: «Iacheni usiku kucha. Lakini angalieni! Msichanganye siki na javeli hata kidogo. Zikikutana hutoa hewa ya sumu.»

Asubuhi Baba aliyazibua matundu kwa waya mwembamba na burashi, akanawa mikono kwa sabuni. Mtoto akavuta mara moja tu. Maji yakashuka kwa kishindo, bakuli likawa safi.

Fundi alilipwa kazi yake. Sakafu haikuvunjwa, na mtoto mkubwa alilipiwa shule. Mwenye akili hutafuta kwanza mahali penye ubaya, kisha hushika nyundo.

Maulizo
1. Kwa nini Mama aliogopa nzi?
2. Ndoo ya maji ilimwonyesha fundi nini?
3. Boya lina kazi gani?
4. Kwa nini ni hatari kuchanganya siki na javeli?
5. Feza za Baba zilifanya kazi gani?