Kompaila, Kiungaji na Maktaba ya Nyumbani: Somo kwa Mtafiti wa Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi akisikia neno maktaba, huona rafu, vitabu na mhudumu anayehimiza kimya. Katika tarakilishi, maktaba ni mkusanyiko wa shughuli zilizokwisha kuandikwa, ambazo programu nyingine huziazima badala ya kuziandika upya. Makala haya yanalenga kueleza jinsi ya kutumia maktaba ambayo mtafiti ameiweka mwenyewe katika saraka yake ya nyumbani. Yanashikilia kwamba kazi hiyo ina hatua tatu, kila hatua ina swali lake, na anayeyachanganya maswali hayo atahangaika bure.

Haja yenyewe ilitokana na utafiti. Nilikuwa nikihesabu maneno katika matini za tenzi kwa ajili ya tasnifu yangu. Programu niliyoitumia ilikata kila neno penye ritifaa, hata "ng'ombe" akawa "ng" na "ombe". Nilipowasilisha jedwali langu kwenye semina, mhadhiri mmoja aliuliza "ombe" ni nini. Sikuwa na jibu, na tangu hapo idadi zangu zote zikawa za kutiliwa shaka.

Dawa niliipata katika PCRE2, maktaba ya kutafuta ruwaza katika matini. Ilitolewa mwaka 2015 kama mrithi wa PCRE, ambayo Philip Hazel wa Chuo Kikuu cha Cambridge alianza kuiandika mwaka 1997. Humwezesha mtafiti kubainisha mwenyewe kwamba neno laweza kuwa na herufi pamoja na ritifaa, iwe iliyonyooka au iliyopinda. Kwa kuwa mtambo tuliotumia ni wa watu wengi, sikuwa na ruhusa ya kuweka kitu katika saraka za mfumo. Nilifungua furushi la msimbo wa maktaba hiyo na kuiweka nyumbani kwangu:

./configure --prefix=$HOME/pcre
make
make install

Baada ya hapo, saraka iitwayo pcre huwa na vijisaraka kadhaa. Viwili ndivyo vinavyotuhusu: include, penye faili za vichwa, na lib, penye maktaba yenyewe.

Hatua ya kwanza: kompaila

Kompaila ni programu inayogeuza msimbo ulioandikwa na binadamu kuwa lugha ya mtambo. Tuichukulie kama mwanasarufi. Akipewa sentensi "Kikombe kimevunjika", atathibitisha upatanisho wake bila kukiona kikombe chochote. Anachohitaji ni kujua ngeli tu. Katika programu, habari za namna hiyo hupatikana katika faili ya kichwa. Kompaila ikilalamika kwamba faili iitwayo pcre2.h haipo, tatizo ni la hatua hii, nasi huielekeza kwa alama ya -I:

gcc -I$HOME/pcre/include -c hesabu.c

Hatua ya pili: kiungaji

Kiungaji ndicho kinachofunganisha vipande vya programu na maktaba. Sikukiita "kiunganishi", kwa kuwa hilo tayari ni jina la aina ya neno katika sarufi yetu. Kiungaji hakiridhiki na upatanisho. Hutaka kukiona kikombe. Kikilalamika kwamba jina la shughuli fulani limetajwa bila kufafanuliwa, kuongeza -I hakutasaidia kitu. Huelekezwa mahali kwa -L na kutajiwa maktaba kwa -l:

gcc hesabu.o -L$HOME/pcre/lib -lpcre2-8 -o hesabu

Mwanaisimu atafurahia jambo moja hapa. Tumeandika pcre2-8, lakini faili inayotafutwa ni libpcre2-8.so. Kiungaji huchukua mzizi, kikaupachika kiambishi awali "lib" na kiambishi tamati ".so", au ".a" kwa maktaba inayomezwa ndani ya programu. Mpangilio nao una maana. Kiungaji husoma kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa hiyo jina la maktaba lifuate faili inayoihitaji, lisiitangulie.

Hatua ya tatu: utekelezaji

Hapa ndipo wengi hushangaa. Programu imeundwa bila kosa, lakini ikiitwa hukataa kuanza, ikidai kwamba haioni maktaba. Sababu ni kwamba -L ilikuwa maelekezo kwa kiungaji pekee. Wakati wa kutekelezwa, mfumo hutafuta upya, na kwa kawaida hauchunguzi nyumbani kwako. Mwanzoni nilitumia kigeu cha LD_LIBRARY_PATH, nikafurahi. Kesho yake nilipoingia tena kwenye mtambo, programu ilikataa, kwani agizo lile lilikufa pamoja na kikao cha jana. Suluhisho la kudumu ni kuiandika njia ndani ya programu yenyewe:

gcc hesabu.o -L$HOME/pcre/lib -Wl,-rpath,$HOME/pcre/lib -lpcre2-8 -o hesabu

Kisha amri ya ldd hesabu huonyesha ni maktaba ipi hasa itakayotumika. Hatua hii isipuuzwe. Huenda mtambo una toleo jingine la maktaba hiyohiyo, na programu ikalitumia kimyakimya.

Hitimisho

Kwa muhtasari, kosa likitokea, msomaji asikimbilie kubadilisha kila kitu. Ajiulize kwanza ni nani anayelalamika: kompaila, kiungaji, au mfumo wakati wa utekelezaji. Akishamjua mlalamishi, atajua pia pa kumwelekeza.

Nilizihesabu upya matini zangu zote. "Ombe" alitoweka, ng'ombe akarudi mzima, na majedwali mawili ya tasnifu ikabidi yaandikwe upya. Ilikuwa kazi ya kuchosha, ila ni afadhali kuliko kutetea neno ambalo halijawahi kutamkwa na Mswahili yeyote. Nawahimiza wenzangu wataje katika tasnifu zao programu, maktaba na matoleo waliyoyatumia, kama wanavyotaja matoleo ya diwani. Zana inayohesabu maneno yetu nayo ni sehemu ya mbinu za utafiti, na mtahini ana haki ya kuiuliza maswali.