Waache Wakumbuke Wenyewe: Vidokezo 9 kwa Mwalimu

Mwaka 2008 jarida la Science la Marekani lilichapisha utafiti ambao mwalimu yeyote anayezungumza Kiswahili angefurahi kuujua, kwa sababu umetumia maneno yetu. Jeffrey Karpicke na Henry Roediger waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu maneno 40 ya Kiswahili pamoja na maana zake kwa Kiingereza, mashua likiwa mojawapo. Kwa vijana wale Kiswahili kilikuwa kigeni kabisa, hivyo wote walianzia sifuri.

Walisoma orodha wakaulizwa, wakasoma tena wakaulizwa tena. Tofauti ilianza pale mwanafunzi alipolipata neno. Kundi la kwanza liliendelea kulisoma na kuulizwa. La pili liliacha kulisoma, likaendelea kuulizwa. La tatu liliendelea kulisoma, ila halikuulizwa tena. La nne liliacha vyote viwili. Siku ile wote waliondoka wakiwa sawasawa. Wiki moja baadaye, makundi mawili yaliyoendelea kuulizwa yalikumbuka takriban asilimia 80 ya maneno. Mawili yaliyoacha kuulizwa yalikumbuka asilimia 36 na 33. Kulisoma tena na tena neno ambalo tayari umelipata kulikuwa karibu na bure. Na walipotakiwa kukisia watakumbuka mangapi, makundi yote manne yalitaja karibu nusu; hakuna aliyehisi kwamba njia yake ni bora au mbaya kuliko ya mwenzake.

Tumezoea kuamini kwamba elimu huingia mwalimu anapoeleza, na kwamba mtihani huja baadaye kupima kilichoingia. Kumbe tendo la kukumbuka lenyewe hujenga kumbukumbu. Ubongo wa binadamu unakadiriwa kuwa na seli za neva bilioni 86, na miungano kati ya seli hizo huimarika au hudhoofika kulingana na inavyotumika. Eric Kandel alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2000 kwa kuonyesha, kwa kumchunguza konokono wa baharini aitwaye Aplysia, jinsi mabadiliko hayo yanavyofanyika. Ukiyachukua haya kwa uzito, kipindi chako cha kesho kitabadilika.

1. Anza kipindi kwa madaftari yaliyofungwa

Kabla ya mada mpya, toa dakika tano. Kila mwanafunzi aandike kwenye kipande cha karatasi yale anayokumbuka kuhusu somo lililopita, bila kutazama popote. Kisha wafungue madaftari, wajisahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Usitoe alama. Alama zikiingia wataanza kuchungulia, na anayechungulia amesoma tena tu, hajakumbuka.

Jambo la msingi ni kwamba kila mmoja aandike. Ukirusha swali kwa darasa zima na mikono sita ikanyooka, aliyekumbuka ni yule uliyemchagua, pengine na wenzake watano, waliobaki wamesikiliza. Darasa likiwa na wanafunzi themanini, na wengi wetu tunayo ya aina hiyo, karatasi hizo hazikuongezei kazi ya kusahihisha hata moja. Wabadilishane na wa jirani, wewe pita kati ya madawati uone ni nini ambacho wengi wamekikosa. Hapo ndipo pa kuanzia kufundisha.

Usikate tamaa mwanzoni wakionekana dhaifu. Roediger na Karpicke walikuwa wamelipima hilo mwaka 2006 kwa vifungu vifupi vya habari. Dakika tano baada ya kujifunza, waliorudia kusoma waliwashinda waliojipima. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Ndiyo maana kumeza notisi usiku wa kuamkia mtihani huonekana kufaa asubuhi yake, na mwezi unaofuata unamuuliza mwanafunzi yuleyule swali lilelile anabaki kukutazama.

2. Waache wasahau kidogo, kisha warudie

Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijitumia mwenyewe katika utafiti wake: alihifadhi orodha ndefu za silabi zisizo na maana, akapima kiasi gani cha kazi ya kuzihifadhi kimebaki baada ya muda. Matokeo aliyachapisha mwaka 1885. Baada ya saa moja, zaidi ya nusu ilikuwa imepotea. Baada ya siku moja, karibu theluthi mbili. Kutoka hapo upotevu ulipunguza kasi, na hata baada ya mwezi karibu moja ya tano ilikuwa bado ipo. Aligundua pia kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa yana faida kuliko marudio yaleyale yakirundikwa kwa kikao kimoja.

Kwa hiyo maudhui yakishafundishwa yasiachwe mpaka wiki ya marudio. Yapangie safari za kurudi tangu unapoandaa azimio la kazi. Ukitoa zoezi la maswali kumi, sita yawe ya mada ya leo, mawili ya wiki iliyopita, mawili ya mwezi uliopita. Gharama yake ni ndogo mno.

Vyuo vya Kurani vya pwani vimefanya hivi siku zote. Mwanafunzi humsomea mwalimu alichohifadhi bila kutazama, na sura alizozimaliza zamani haziachwi, zinarudiwa kwa murajaa. Shuleni tunatafuta zaidi ya kuhifadhi, tunataka mtoto aeleze na atumie anachokijua, lakini ratiba ile ya kurudi nyuma kila mara tunaweza kuichukua ilivyo.

3. Changanya maswali

Fungua kitabu chochote cha Hisabati. Mwisho wa mada ya mzingo wa duara, maswali yote ishirini ni ya mzingo wa duara. Mtoto anajua kanuni kabla hajasoma swali. Amefanya mazoezi ya kukokotoa, hajafanya mazoezi ya kuchagua njia, na mtihani wa mwisho humtaka achague.

Doug Rohrer na Kelli Taylor waliliangalia hilo mwaka 2007 kwa wanafunzi wa chuo waliokuwa wakitafuta ujazo wa maumbo manne. Waliofanya umbo moja baada ya jingine walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi. Waliochanganyiwa walipata 60. Wiki moja baadaye waliochanganyiwa walipata asilimia 63, wenzao 20. Mwalimu aliyepita darasani siku ya mazoezi angelisifia kundi lisilostahili.

4. Punguza mzigo, hasa wa lugha

Mwaka 1956 George Miller aliandika kwamba kichwa hushikilia kwa wakati mmoja vitu saba hivi, viwili zaidi au viwili pungufu. Mwaka 2001 Nelson Cowan alizipitia tafiti nyingi akaishusha idadi hiyo hadi karibu vinne. Hiyo ndiyo nafasi yote ambayo mwanafunzi anayo ya kufikiria jambo jipya, awe na akili kiasi gani.

Sasa mtazame mtoto wa Kidato cha Kwanza nchini Tanzania, aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, siku anapofundishwa Baiolojia kwa Kiingereza. Anasikia sentensi. Anashika maneno mawili asiyoyajua, anajaribu kuyatafsiri, anakumbuka mwanzo wa sentensi, na wakati huohuo anatakiwa aelewe jinsi jani linavyotumia mwanga kutengeneza chakula. Nafasi imejaa kabla jani halijaingia. Tunamwita mzito. Nasema kwa uchungu kwa sababu watoto wengi wanamaliza shule wakiiamini hukumu hiyo.

Sera ya lugha haiko mikononi mwa mwalimu mmoja, lakini mpangilio wa kipindi uko mikononi mwake. Jenga dhana kwanza kwa lugha wanayofikiria nayo: waeleze, wabishane, wachore. Wakishaielewa, leta maneno ya Kiingereza, machache, matano au sita, na uyafundishe kama msamiati, kwa kuyatamka na kuyatumia kwenye sentensi. Wako watakaosema Kiingereza hakitakua namna hiyo. Naona kinyume chake: neno lililopata dhana inayolingoja hukaa, na sentensi iliyonakiliwa ubaoni bila kueleweka haifundishi Sayansi wala Kiingereza.

Mzigo hupunguzwa kwa njia nyingine pia. John Sweller na Graham Cooper walionyesha mwaka 1985, kwa aljebra, kwamba anayeanza hufaidika zaidi akichunguza mifano iliyokokotolewa hatua kwa hatua kuliko akiachiwa maswali mengi ahangaike nayo peke yake. Toa mfano kamili, kisha mfano wenye hatua moja iliyoachwa wazi, kisha mbili, mpaka afanye swali zima. Na unapoeleza mchoro ubaoni, usiwaambie waandike wakati huohuo. Wasikilize kwanza, waandike baadaye.

5. Anzia kwenye wanachokijua

Jijini Recife, Brazil, Terezinha Carraher na wenzake walikwenda sokoni kuwauliza watoto wachuuzi hesabu za biashara zao. Utafiti huo ulitoka mwaka 1985. Kwenye meza ya biashara watoto walipatia asilimia 98 ya hesabu. Hesabu zilezile zilipoandikwa kama za shule, bila nazi wala mteja, walipatia asilimia 37 tu. Mtoto mmoja aliulizwa bei ya nazi kumi, kila moja kwa kruzeiro 35. Alianza na bei ya nazi tatu, 105, akaijumlisha tena na tena, kisha akaongeza nazi moja, akafika 350. Hiyo ni hesabu kamili, ila haikufanana na ya ubaoni.

Watoto wetu wanaokaa gengeni jioni, wanaokatisha tiketi, wanaopima mafuta ya taa kwa kibaba, wanakuja darasani na ujuzi wa aina hiyo. Maarifa mapya hushika pale yanapopata cha kushikamana nacho. Kabla ya kufundisha asilimia, waulize faida ya sado ya nyanya inavyopigwa. Sikiliza njia zao, zaidi ya moja, ziandike ubaoni kwa maneno yao, halafu onyesha jinsi kanuni ya kitabu inavyosema jambo lilelile kwa ufupi.

6. Weka fimbo chini

Mwili unapoogopa hutoa homoni ya kotizoli. Mwaka 2000 Dominique de Quervain na wenzake waliwapa watu wazima vidonge vya kotizoni, dawa ambayo mwilini hugeuka kuwa kotizoli, saa moja kabla ya kuulizwa maneno waliyojifunza jana yake. Walikumbuka machache kuliko walivyokumbuka bila dawa hiyo. Ndicho kinachompata mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa, mwalimu akiwa na fimbo mkononi, akitakiwa kutaja saba mara nane. Jibu lipo, ila halipatikani. Akichapwa, atakachokikumbuka vizuri kwa miaka mingi ni fimbo.

Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania Bara kanuni za mwaka 1979 ziliviruhusu kwa masharti. Kanuni isemavyo ni jambo moja. Mwalimu ana uhuru wa kutovitumia kabisa, na ninamsihi autumie uhuru huo. Maswali ya kukumbuka niliyoyasifu hapo juu hufanya kazi pale tu ambapo kukosea hakuumizi.

7. Wape usingizi wao

Kidokezo hiki ni cha wakuu wa shule za bweni na wazazi. John Jenkins na Karl Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha mwaka 1924 kwamba mtu akijifunza kisha akalala, husahau kidogo kuliko akijifunza kisha akakaa macho kwa muda uleule. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba usingizini sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi huyapitia upya mambo ya mchana. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne anayeamshwa saa tisa usiku ajisomee ananyang'anywa kazi ya jana ili apewe ya leo.

8. Achana na "huyu wa macho, huyu wa masikio"

Semina nyingi za walimu bado zinagawa watoto hivyo. Harold Pashler na wenzake watatu waliupitia ushahidi mwaka 2008, wakakuta hauthibitishi kwamba mtoto hujifunza zaidi akifundishwa kwa mtindo unaodaiwa kuwa wake. Mchoro pamoja na maelezo huwasaidia wote. Ramani ni ya kuonwa, shairi ni la kusikiwa; chagua kwa kuangalia somo.

9. Waeleze kwa nini ni vigumu

Robert Bjork amefundisha kwa miaka mingi kwamba kuna ugumu unaofaa, ule unaopunguza kasi ya leo na kuongeza kinachobaki kesho. Mwanafunzi asiyeelezwa hilo ataona karatasi yake tupu asubuhi, atasema hajui kitu, atarudi kusoma notisi mara tano kwa sababu kule anajisikia vizuri. Mwambie mapema. Kisha mfundishe kudurusu nyumbani kwa kugawa ukurasa safu mbili. Ya kushoto aandike aliyoyakumbuka akiwa amefunga daftari. Ya kulia, aliyolazimika kulifungua ili ayapate. Kesho yake asianze kwenye ukurasa wa kwanza wa notisi. Aanze na safu ya kulia, na daftari lifungwe tena.