Spidomita Inayosema Uongo

Ndugu madereva, leo tuichukue Land Rover ya zamani, aina ya Series, iliyofungwa difu za Range Rover ili ikimbie vizuri barabarani. Spidomita yake haina habari na difu. Waya wake hutoka kwenye giaboksi, nao huhesabu mizunguko ya shafti tu. Kwa difu za awali shafti huzunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Kwa hizi mpya ni mara 3.54. Tukigawanya tunapata 1.33. Basi, tairi zikiwa zile zile, sindano ikionyesha kilomita 60 kwa saa gari linakwenda karibu 80! Na polisi atamwuliza dereva, si tajiri aliyeamuru difu zibadilishwe.

Tupime wenyewe. Twende kilomita 10 kwa kufuata mawe ya barabarani. Spidomita ikiongeza 7.5 tu, hesabu yetu ni sawa. Dawa ni fundi wa spidomita airekebishe kwa hesabu hiyo, au afunge kisanduku kidogo cha gia kwenye waya wake. Kuchora alama mpya juu ya kioo hakutoshi, maana kilomita tunazotumia kubadilisha oili zitabaki za uongo.