Mume anataka tuhamie Uhispania, nami nina vyerehani vinne

Shangazi, nina miaka 54, mume wangu 61. Alistaafu bandarini miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo tunakula kodi za nyumba: vyumba vya Kisauni na ghorofa ya Mtwapa ambayo marehemu baba yake aliwaachia yeye na nduguze wawili. Binti yetu anasoma Valencia. Mume wangu amesikia kwamba Uhispania huwapa ukaazi watu wenye pato lao la kuwatosha, na sasa hana mazungumzo mengine. Pato letu halifiki kiwango, lakini asema atakopa kwa rafiki, pesa ziingie benki zionekane, kisha azirudishe. Kibanda changu cha ushonaji, chenye vyerehani vinne na wasichana watatu, ataka nikifunge, eti huko nitashonea nyumbani. Nikiuliza zaidi, aniambia simpendi. Nifanyeje?
Mwenye Vyerehani, Mombasa

Mwenzangu, tuanze na huo mkopo, maana ndio unaoweza kukuingiza matatani mapema zaidi.

Kibali alichokisikia mumeo kipo kweli. Wahispania hukiita residencia no lucrativa, yaani ukaazi wa mtu anayeishi kwa mali yake bila kufanya kazi. Kipimo chao ni IPREM, kiasi ambacho serikali yao hukitumia kupimia misaada na vibali, nacho kimekuwa yuro 600 kwa mwezi. Mwombaji aonyeshe mara nne ya hizo, na kila anayemtegemea aongezewe mara moja. Kwa ninyi wawili ni yuro 3,000 kwa mwezi, 36,000 kwa mwaka. Tukikadiria yuro moja kwa shilingi 150, hizo ni shilingi 450,000 kila mwezi.

Pesa za kuazima usizikubali, na sahihi yako isiwemo popote. Ubalozi hutaka kujua pesa zimetoka wapi: taarifa za benki, mikataba ya wapangaji, karatasi za KRA. Donge lililoingia juzi bila asili litaulizwa. Na hata likipita, kibali cha kwanza ni cha mwaka mmoja tu. Kinachofuata ni cha miaka miwili, na hapo mtaonyesha pesa za miaka yote miwili kwa pamoja. Huyo rafiki atakopesha mara ngapi?

Kisha kuna ghorofa ya Mtwapa. Kama urithi haujagawanywa, kodi yake si ya mumeo peke yake, hata kama ndiye anayeikusanya. Anayetaka kuihesabu mbele ya ubalozi akae kwanza na nduguze, wagawane, hati ziandikwe. Hilo lafaa lifanywe hata kama hamtaondoka Mombasa. Nimeona familia zikivunjika kwa nyumba za urithi ambazo kila mtu alidhani mambo yake yanajulikana.

Mumeo ajue pia kwamba akikaa Uhispania zaidi ya siku 183 katika mwaka, kwa kawaida huhesabiwa mkaazi wa kule kwa kodi ya mapato. Mapato ya vyumba vya Kisauni yatatangazwa kule pia. Bima ya afya lazima iwe ya kampuni iliyoruhusiwa kufanya kazi Uhispania, igharimie matibabu yote bila mgonjwa kuchangia. Bima yetu ya SHA haihesabiki. Mmoja wenu akiwa na sukari au presha, ulizeni bei ya bima kabla ya kuuliza bei ya tiketi.

Sasa cherehani. Kibali hiki kinakataza kazi, na kushonea wateja nyumbani ni kazi. Ukimshonea jirani dera moja kwa malipo, unahatarisha ukaazi wenu. Baada ya mwaka wa kwanza ipo njia ya kuomba kibadilishwe kiwe kibali cha kazi, lakini ni maombi mapya na yanaweza kukataliwa. Kwa hiyo mumeo anakuahidi jambo lisilo mkononi mwake, na unaombwa uache riziki uliyoijenga kwa mikono yako. Hapo naudhika kwa niaba yako. Kukataa kukifunga kibanda si kukosa mapenzi, na umwambie hivyo kwa upole, maneno hayo hayo.

Lakini naye nimemfikiria. Mtu aliyezoea kelele za bandari, miaka mitatu sasa anashinda nyumbani akingoja tarehe ya kodi, na mkewe ana wateja mlangoni tangu asubuhi. Huenda anachokitafuta Valencia ni mahali ambapo nyote wawili hamna la kufanya isipokuwa kuwa pamoja. Muulize. Usimuulize juu ya viza, muulize siku zake zinapitaje.

Binti naye asiwe nguzo ya safari hii. Mwanafunzi ni mpita njia. Akimaliza masomo huenda kazi ikampeleka Berlin au akarudi Nairobi, nanyi mmebaki Valencia mkijifunza Kihispania sokoni. Mpigie simu wewe mwenyewe, umuulize mipango yake baada ya shahada. Sioni katika barua yako kama kuna aliyemuuliza.

Ushauri wangu: ombeni viza ya matembezi. Ile ya Schengen inaruhusu hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Nendeni miezi miwili, tena Januari na Februari, msione Valencia ya kiangazi peke yake. Pangeni chumba, nunueni samaki, mwoneni daktari mkiumwa, mhesabu kila yuro. Kibanda kibaki wazi mikononi mwa msichana mkubwa. Mkirudi, na mumeo bado anapataka, na nduguze wameshagawana, na pato limefika bila kuazima, ombeni kibali kwa haki.

Wale wasichana watatu waambie wewe mwenyewe kwamba unasafiri na utarudi lini, kabla hawajasikia kwa wateja kwamba kibanda kinafungwa.