Fedha Inayofuata Sahani ya Chakula

Wengi wetu shuleni hapa twaijua basari. Mwanafunzi asiye na uwezo huandika barua, na akijaliwa hupunguziwa karo. Huko Uingereza (nasema England yenyewe, kwani Scotland na Wales zina taratibu zao) tangu Aprili 2011 pana msaada wa namna nyingine, nao wafaa tuujue.

Shule za Serikali huko hazitozi karo. Hata hivyo mtoto wa maskini, ijapokuwa asoma bure, aghalabu huachwa nyuma na wenzake. Basi Serikali hutoa fedha ya ziada kwa ajili yake, nayo haiendi mkononi mwa mzazi, bali yaenda kwa shule. Katika mwaka wa 2024 hadi 2025 shule ya msingi ilipata pauni 1,480 kwa kila mtoto wa hali hiyo, na shule ya sekondari pauni 1,050. Mwalimu mkuu ndiye aamuaye: pengine ataajiri mwalimu wa kufundisha vikundi vidogo, pengine atalipia safari ya masomo. Lakini kila mwaka sharti atangaze hadharani jinsi anavyoitumia.

Je, Serikali yamjuaje mtoto maskini? Yamjua kwa chakula. Mzazi mwenye kipato kidogo huomba mwanawe apewe chakula cha mchana shuleni bila malipo. Jina likiisha kuandikwa, shule huhesabiwa fedha hiyo kwa miaka sita, hata kama baba amepata kazi mwezi wa pili yake.

Hapo ndipo penye shida, maana wako wazazi waonao haya kuomba. Hebu tufanye hesabu. Shule ya msingi yenye watoto 40 wanaostahili ingalipata pauni 59,200 mwaka ule. Wazazi kumi wakinyamaza, zapotea pauni 14,800, na wapotezao si watoto wao peke yao, kwa kuwa mwalimu asiyeajiriwa angaliwafundisha na wengine.

Shida hiyo iliongezwa na jambo jema. Kuanzia Septemba 2014 watoto wote wa madarasa matatu ya kwanza walipewa chakula bure, tajiri kwa maskini. Mzazi akajisemea, "Mwanangu anakula, fomu ya nini tena?" Asijue kuwa fomu ile ndiyo iliyoletea shule fedha. Walimu wakuu wengine wakawa hawana budi kuwabembeleza wazazi, na wako walioahidi sare ya shule kwa atakayeijaza. Mimi siwacheki.

Baadhi ya halmashauri, mathalan Sheffield, zimegeuza mambo: zenyewe hutazama katika daftari zao ni nani astahiliye, zikamwandikisha mtoto, na mzazi asiyetaka ndiye anayetakiwa kuandika barua ya kukataa.