Nyota Zinapotetemeka: Kazi ya Leza na Tahadhari Zake

Usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wa omena wakiwa wamewasha taa ziwani Muhuru Bay, tazama nyota zilizo karibu na upeo wa maji. Hutetemeka zaidi kuliko zile za utosini. Nyota zenyewe zimetulia. Kinachocheza ni hewa. Hewa ya joto ikichanganyika na ya baridi hupinda mwanga huku na huku, na nyota ikiwa chini mwanga wake hupita katika hewa nyingi zaidi.

Mtetemo huo huharibu picha za darubini kubwa. Dawa yake ni kioo chembamba kinachobadili umbo hata mara 1,000 kwa sekunde, kikifuata vipimo vya kompyuta. Lakini kompyuta huhitaji nyota angavu ya kupimia, nazo ni chache, kwa hiyo wanaastronomia hujitengenezea yao. Huko Paranal, Chile, tangu 2016 leza nne za rangi ya chungwa, kila moja ya wati 22, hurushwa hadi kilomita 90 hivi juu, penye tabaka la sodiamu iliyoachwa na vimondo vilivyoungua. Sodiamu ile hung'aa, na mng'ao huo ndio nyota bandia.

Ufundi wa kusahihisha mtetemo ndio uliowawezesha Andrea Ghez na Reinhard Genzel kufuatilia nyota zinazozunguka kitovu cha galaksi yetu, penye shimo jeusi kubwa, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Kitovu hicho hupita juu sana hapa Migori na Homa Bay, fahari ambayo nchi za kaskazini hazina. Mwezi wa Julai, yapata saa tano usiku, elekea kusini: kipo kati ya mkia wa kundinyota la Nge na lile la Mshale.

Ukiwa na darubini ndogo, iache nje nusu saa ipoe kwanza. Kaa mbali na mabati yanayotoa joto la mchana, nawe usubiri unachotaka kukiona kipande juu.

Tochi ya leza ya kijani ni jambo jingine. Huweza kuunguza jicho, na humpofusha rubani kwa muda. Kwenye vituo vikubwa vya darubini, leza huzimwa ndege ikikaribia. Sisi nasi tuna viwanja vya ndege vya Lichota na Kabunde. Mzazi, ukiiona mkononi mwa mtoto, ichukue.